Aliyechoka Apande

Habari hii nilielezwa kwanza na kaka yangu, fundi viatu, akiwa amekaa jikoni kwangu na buti moja tu mguuni. Mwanangu alikuwa chini ya meza anagonga sufuria kwa kijiko. Bado hajajua maneno ila moja, "mimi", na hujibu hilo kila anapoulizwa jambo. Kaka alishtuka kila kijiko kilipogonga.

Yeye na rafiki yake, fundi rangi, walikuwa wanavuka milima kwa miguu, mabegi mgongoni, wakilala kwenye hema. Huyo rafiki tulimwita Ngamia, maana alibeba mzigo mkubwa na maji alikunywa kidogo. Siku hiyo njia ilikuwa rahisi, jua la upole. Walitembea kivivu, wakipiga kelele ili wasikie milima ikiwajibu.

"Begi lako la mtoto wa chekechea," Ngamia alimwambia.

"Na lako la punda. Beba, bwana, mimi naangalia mandhari."

Ngamia alicheka. Akaligeukia bonde, akapaza sauti: "Mimi sichoki! Huko chini kama kuna aliyechoka, apande nimbebe!"

Asubuhi yote mwangwi ulikuwa unarudi. Safari hii haukurudi.

Mbele kidogo ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Ngamia akapunguza mwendo.

"Umenitilia mawe?"

"Hata sijaligusa."

"Acha utani. Kuna kitu kimekaa."

Kaka alitazama nyuma, hakuona mtu. Ila mikanda ya begi ilikuwa imezama mabegani mpaka shati limechanika na damu inachuruzika. Akachomoa kisu chake cha kukatia ngozi, akaikata yote miwili. Begi likaanguka. Ngamia hakunyooka.

"Bado kipo," alinong'ona. "Kina miguu. Kimenikaba nayo shingoni."

Hapo kikaanza kumpiga mbavuni kwa visigino visivyoonekana, na kaka akazisikia mbavu zikivunjika kama kuni kavu, na kila Ngamia alipoanguka nywele zake zilivutwa juu akasimama, akakimbizwa tena juu ya mawe huku damu ikimtoka puani na mdomoni, na kaka akamkumbatia kiunoni akaburutwa naye mpaka buti likamvuka, na karibu kabisa na sikio lake sauti laini, kama ya mtu anayeomba maji, ikasema, "Huyu ameisha. Nani mwingine atanibeba?"

"Usijibu," Ngamia alisema, mdomo umejaa damu. "Ndugu yangu, usijibu."

Kaka hakujibu. Ngamia akachapwa visigino kwa mara ya mwisho, akaruka kutoka ukingoni mwa genge. Waliokwenda kumchukua walikuta shingo imevunjika, na michubuko miwili mipana imeizunguka.

"Kwa hiyo kilibaki kule?" nilimuuliza, taratibu.

"Sijui, mdogo wangu. Nimerudi mwepesi. Njia nzima sikuhisi kitu mgongoni."

Nilisikia harufu ya kuungua, nikaangalia jiko. Lilikuwa limezimwa tangu mchana.

Mtoto alianza kudeka huko chini ya meza. Nikachukua mbeleko, nikachuchumaa nikampa mgongo, kama nifanyavyo kila siku, nikasema bila kufikiri, "Haya, panda mama akubebe."

Akapanda. Alikuwa mzito. Nikarusha mbeleko nyuma nimfunge, ndipo nilipomwona kaka ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, anatazama juu ya bega langu. Na chini ya meza kijiko kikagonga sufuria.

Nilipiga kelele, nikajipigiza ukutani mpaka nikachanika mgongo. Kaka alinivuta mbeleko, ikatoka tupu. Uzito haukutoka. Miguu ikajifunga shingoni mwangu, baridi, na kisigino kimoja kikanipiga ubavuni, mara moja tu, kama mtu anayejaribu mnyama mpya.

Asubuhi iliyofuata nilimfunga mwanangu kifuani, maana mgongoni hapakuwa na nafasi. Nilikuwa nafagia jikoni, nimeinama, mbavu zinaniuma, sauti ile iliponijia sikioni, laini.

"Utaisha upesi wewe. Nani mwingine atanibeba?"

Mwanangu aliinua kichwa, akatabasamu, akafungua mdomo ajibu. Niliuachia ufagio, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Hadi sasa bado sijakiondoa.