Mzee Aliyepotea Kwenye Ukungu

Kila Jumamosi, shangazi akishafungua studio yake, kazi ya kwanza ya Bonyeza ilikuwa kufagia. Ya pili ilikuwa kukung'uta vumbi kwenye pazia la kupigia picha. Ya tatu, aliyoipenda kuliko zote, ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta. Jina hilo hakupewa na wazazi. Wenzake shuleni ndio waliombandika, kwa sababu mtoto yule akiona kamera tu, kidole kinamwasha.

Jumamosi hiyo alikuwa na picha aliyoipiga mwenyewe. Ijumaa shangazi alikwenda shuleni kupiga picha za darasa la mwisho, na alipomaliza akamwazima kamera kidogo. Bonyeza akampiga rafiki yake Pengo, msichana mwenye mwanya mpana, akicheka mpaka macho yamefumba.

"Sura nzuri, lakini imemezwa," shangazi alisema akichungulia kioo. "Nyuma kuna vitu vingi mno. Jicho halijui litue wapi. Hebu fifisha nyuma."

Bonyeza akaizungushia sura ya Pengo mstari, taratibu, asije akamkata sikio. Kisha akafifisha vyote vilivyobaki. Uzio, geti, miche, vyote vikayeyuka vikawa ukungu wa kijani. Pengo akatokeza kana kwamba anataka kuruka nje ya kioo.

"Hapo sasa!" shangazi akasema. "Hii tunaichapa kubwa. Mwalimu Mkuu anataka picha ya kutundika ofisini."

Siku mbili nzima Bonyeza alitembea kifua mbele.

Jumatatu, mstarini hapakuwa na wimbo. Mwalimu Mkuu alisimama mbele, uso umekunjamana.

"Mbuzi wameingia bustanini," alisema. "Miche yote ya miti tuliyoiotesha tangu mwanzo wa mwaka imeliwa. Haukubaki hata mmoja. Geti dogo lilikutwa wazi. Mlinzi nimemuuliza, hana maelezo. Leo mchana kamati ya shule inakaa. Kama bado hana maelezo, hana kazi."

Mlinzi, ambaye watoto wote walimwita Babu Geti, alikuwa amesimama kando ya ukuta. Kofia yake alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Bonyeza ndiye aliyetaka geti lile lifunguliwe, Ijumaa ile ya picha. Shangazi alimfundisha kwamba ukitaka sura itokeze, usimbane mtu ukutani. Mwachie nafasi nyuma yake. Geti likifungwa, nyuma ya Pengo palikuwa na bati tupu. Likifunguliwa, bustani ilionekana hadi mwisho. Basi akambembeleza Babu.

"Ninyi watoto mtaniponza," Babu alisema huku akicheka, lakini akafungua. Upepo ukawa unalisukuma geti, naye akalishikilia. Mara honi ikalia geti kubwa, lori la madawati limefika. "Mkimaliza, mjukuu wangu, komea," akasema akiondoka.

"Sawa, Babu!"

Walipomaliza, Pengo alitaka kuona meno yake yalivyotoka. Wakakimbilia kwa shangazi. Komeo likasahaulika.

Wakati wa mapumziko Pengo alimvuta nyuma ya darasa. "Babu hajatutaja."

"Najua."

"Basi nasi tufunge midomo."

"Na ile picha?"

"Picha ipi? Si umegeuza kila kitu ukungu? Pale anayeonekana ni mimi na pengo langu tu." Pengo alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka.

Kengele ya mchana ilipolia, Bonyeza alivuka barabara mbio hadi studio. Shangazi alikuwa anaifunga ile picha kubwa kwenye karatasi.

"Shangazi, ile picha halisi, ile ya kabla ya kufifisha. Naomba tuifute."

Mikono ya shangazi ikasimama. "Hapa picha halisi haifutwi mpaka mwenyewe achukue yake na aridhike. Hilo unalijua tangu hujafikia meza hii. Kuna nini?"

"Basi tu."

"Basi tu ndiyo ikutoe jasho hivyo?"

Shangazi akaifungua picha ile kwenye kompyuta, bila ukungu. Geti lilikuwa wazi. Kando yake alisimama mzee mwenye kofia, amelishikilia kwa mikono yote miwili, anatabasamu kana kwamba naye anapigwa picha. Bonyeza hakuwa ameliona tabasamu lile. Siku ile Babu alikuwa mojawapo ya vitu vingi vya nyuma.

Machozi yakamtoka. Akasema yote, hadi komeo.

"Kamati inakaa lini?" shangazi akauliza.

"Sasa hivi."

Shangazi akabonyeza mashine ya kuchapa. Karatasi ikaanza kutoka, polepole mno. Kwanza anga. Kisha uzio. Kisha kofia ya Babu. Bonyeza alitamani kuivuta kwa meno.

"Shangazi, nenda wewe ukawaambie."

"Mimi sikuliacha geti wazi," shangazi akajibu na kumkabidhi picha. "Kimbia. Nakuja nyuma yako."

Alipofika ofisini, mwenyekiti wa kamati alikuwa anasema, "Basi mzee, weka funguo mezani." Babu Geti alikuwa anazichomoa kiunoni, moja moja. Bonyeza akaingia bila kubisha hodi.

"Wewe mtoto, toka nje!" mwenyekiti akafoka.

"Geti nililiacha wazi mimi!" Sauti yake ilikwaruza. "Babu alitufungulia, akatuambia tukomee, tukasahau. Picha hii hapa."

Mwalimu Mkuu aliitazama picha, akamtazama mlinzi. "Mzee, mbona hukusema?"

"Geti ni langu, mwalimu. Nilifungua kwa mkono wangu, wala sikurudi kulikagua. Ningewataja, mngewafukuza. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Hawa bado wanasoma."

Mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa Pengo, anahema. "Na mimi nilikuwepo. Meno yangu hayo hapo."

Hata mwenyekiti alishindwa kujizuia, akacheka. Kisha akazisukuma funguo zikamrudia Babu.

Hakuna aliyefukuzwa, lakini adhabu haikukosekana. Kila asubuhi kabla ya masomo, Bonyeza na Pengo wataotesha na kumwagilia miche mipya, mpaka ifikie kimo cha ile iliyoliwa.

Nje ya ofisi, shangazi alimshika Bonyeza bega. "Nilikufundisha kufifisha nyuma ili mtu aonekane. Ukiutumia ukungu huo kuficha kosa lako, hiyo si kazi tena, ni uongo. Na uongo wako ulikuwa unamla mzee wa watu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaulizwa kwa niaba yako."

"Nimeelewa, shangazi. Nisamehe, Babu."

"Yamekwisha, mjukuu wangu," Babu alisema akivaa kofia yake. "Ila na mimi nataka picha. Pale getini."

Shangazi akampa Bonyeza kamera. Babu akasimama wima, mkono juu ya komeo.

"Babu, nikufifishie nyuma?"

"Thubutu!" Babu akang'aka. "Acha hivyo hivyo. Kila mtu aone limefungwa."