Ukurasa Mweupe Ulioninyima Kumuosha Mama

Mimi naitwa Zainabu, nina miaka arobaini na tisa, mjane, nauza samaki wakavu katika soko la Koboko. Shule niliacha darasa la nne. Nayasema haya nikijua ndugu zangu watachukia... wachukie!

Mama yetu aliishi Dadamu, nje ya Arua, kwa kaka yangu Rajabu. Alipoanza kudhoofika alinishika mkono akasema, "Zainabu, siku yangu ikifika, unioshe wewe." Niliapa. Mimi ndiye binti yake wa pekee.

Sasa sikilizeni. Zamani kwetu mtu akifa, habari ilipita kwa simu, mmoja hadi mwingine, na kila msiba ulizaa ugomvi. Huyu kaambiwa kwanza, yule kaambiwa mwisho, basi amedharauliwa! Rajabu akachoka. Akamwamuru mwanawe Swaleh, aliyesomea kompyuta, atengeneze ukurasa wa ukoo kwenye mtandao. Tangu hapo, marufuku kumpigia mtu. Wote tutumiwe ujumbe mmoja, kila mtu afungue asome, asiwepo wa kwanza wala wa mwisho.

Simu yangu ni ile ndogo ya kubonyeza. Mara ya kwanza ilikuwa habari ya harusi. Nikafungua ukurasa... mweupe! Nikamwambia Swaleh mbele ya baba yake. Akacheka. "Shangazi, hiyo simu iko ya makumbusho. Nunua simu ya watu." Rajabu naye akacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka pamoja nao.

Asubuhi moja nikiwa sokoni, ujumbe ukaingia: "Habari ya ukoo. Fungua hapa." Basi, hakuna neno jingine. Nikafungua, mweupe. Nikazima simu, nikawasha, nikapanda juu ya kreti kutafuta mtandao... mweupe vilevile. Nikampigia Rajabu, hakupokea. Swaleh, hivyo hivyo. Nikajiambia labda ni posa ya binti wa Rajabu, maana ilikuwa ikizungumzwa. Nikarudi kupanga samaki. Nilipanga samaki, jamani, na mama yangu amelala kafunikwa shuka!

Alasiri Kenyi wa bodaboda, katoka Arua na mzigo, akasimama mbele ya meza yangu akishangaa. "Dada Zainabu, wewe iko hapa? Mama yenu si wamezika?"

Barabara siikumbuki. Nakumbuka udongo mbichi, na majirani wakianika matambara waliyomwoshea. Mmoja akaninong'oneza kwamba walinisubiri sana, mpaka Rajabu akawaambia nimeitwa na nimekataa kuja. Nimekataa! Mimi?

Nikamuuliza Swaleh kwa nini simu yangu haikuonyesha kitu. Hakunitazama. Akasema ukurasa wake huja mtupu, halafu simu yenyewe ndiyo inafanya kazi ya kuyaleta maneno, na simu ndogo haziwezi kazi hiyo. Nikamuuliza kama kulikuwa na njia.

"Iko, Shangazi. Ningeweka maneno ya kawaida chini yake, simu yoyote ingesoma. Niliona yataharibu urembo."

Urembo... Ningemfanya nini? Kaburi lilishafunikwa.

Ninyi mnaotengeneza kurasa, nawaomba, anzeni na maneno ya kawaida, yale yatakayosomeka kwa simu ya muuza samaki. Mapambo yafuate. Mtu akikwambia kwake hakuonekani kitu, usimcheke, nenda ukarekebishe siku hiyo hiyo. Na wewe mwenye mzazi mgonjwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Gombana nao. Waambie wakupigie, hata kama ukoo mzima utanuna!

Swaleh ameurekebisha sasa, baada ya matanga. Juzi nikafungua ujumbe ule wa asubuhi ile kwa simu yangu ile ile, maneno yakatokea yote. Jina la mama. Saa ya maziko. Na chini yake: "Atakayemuosha ni binti yake Zainabu. Anasubiriwa."

Nilisoma vizuri kabisa.