Tulimfungia Stoo

Mume wangu ni seremala. Watu humwita Fundi Randa. Zamani kazi yake ilisifiwa, kisha pombe kali ikamteka. Asubuhi mikono ilimtetemeka, hashiki msumeno mpaka anywe kidogo. Nilichoka, jamani.

Siku moja mimi na shemeji, mdogo wake, tukamfungia stoo ya mbao.

"Akikaa humo wiki nzima, atakoma," shemeji alisema.

Tulimpa chakula na maji. Tukajiona wajanja.

Siku ya pili alilowa jasho, akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Siku ya tatu, mchana, tulisikia kishindo. Tulimkuta sakafuni, mwili umekakamaa, unarukaruka, damu mdomoni. Nilipiga yowe.

Jirani yetu, mhudumu wa afya, alikuja mbio. Alisogeza mbao, akamlaza ubavu.

"Mmemfungia tangu lini?"

"Juzi, dada."

"Mngemuua! Mwili uliozoea pombe kali haukatiwi ghafla. Huachishwa hospitalini, kwa dawa, mtu akiangaliwa. Tafuteni gari!"

Alilazwa siku tisa. Mpaka leo naona aibu kusimulia.

Alipotoka, jirani alitupeleka kwenye kikundi cha walioacha pombe. Hukutana shuleni kila Jumamosi. Hakuna aliyemhubiria. Walimwuliza, "Kiu inakubana saa ngapi?"

"Jioni, nikifunga karakana. Kilabu kiko njiani."

"Basi badilisha njia. Na usitembee peke yako."

Shemeji akawa anampitia kila jioni. "Namsindikiza kama bibi harusi," alitania.

Mwezi wa pili, jioni ambayo shemeji hakumpitia, mume wangu alirudi amelewa. Nikamtupia nguo zake nje.

"Ukimfukuza, ataenda kilabuni," jirani aliniambia. "Akiteleza, mrudishe kikundini."

Nilimeza hasira, nikaziokota zile nguo. Jumamosi alisimama mbele ya wenzake, akaeleza kila kitu huku analia.

Miezi mitano ikapita bila tone. Kisha jioni moja shemeji alikuja peke yake.

"Karakana imefungwa. Sijamkuta."

Tukamngoja. Giza likaingia. Mara mlango ukafunguliwa, mume wangu akaingia taratibu. Nilimsogelea, nikamnusa mdomo bila haya. Alinuka chai.

"Leo kiu ilinibana vibaya," alisema. "Sikuweza kungoja. Nilienda kwa mwenzangu wa kikundi, tukakaa mpaka ikapita."

Tulilia pale pale mlangoni sote watatu, hata shemeji.