Kamba Mbili Kisimani

Ekseli ya lori ilikatika katikati ya mchanga wa jangwa la Tenere, na dereva akaondoka kwa miguu kwenda kutafuta kambi ya jeshi. Abiria wakajikokota hadi kwenye kisima kilichoonekana jirani. Kamba ya kisima ilikuwa imeoza na kukatika.

Abiria Wakanuri walikuwa na kamba yao, Wafulani na yao. Kila kundi liliteremsha dumu lake, likasikiliza, likalipandisha kavu kama lilivyoshuka. Hata mbuzi angeona kwamba kamba zile zikiunganishwa zingefika. Lakini tangu mji wa Agadez makundi hayo yalikuwa yamegombania nafasi juu ya magunia ya mtama, na utani wao wa tangu mababu, wa kuitana watumwa, ukawa umekufa huko huko.

Yagana, Mkanuri, alimpakata mwanawe Falmata. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na alilia bila machozi. Yagana alimsihi shemeji yake Bukar akaombe kamba ya wenzao. Bukar alijibu kwamba heshima ya Mkanuri haiombiombi. Aliyasema hayo akiwa amelala chali, ulimi umevimba, hiyo heshima yake imejaa mchanga puani.

Upande wa pili, mzee Demmo wa Wafulani aliikalia kamba yao kama kuku anayeatamia mawe.

Yagana akamwendea, akamsimamia kichwani.

"We mtumwa wangu, nani kakuruhusu ukae na bibi yako ana kiu?"

Mtu baki angesema hivyo angepigwa. Lakini mtani hakasirikiwi, wala hanyimwi anachotaka. Aibu ya kumnyima ingemfuata mzee hadi kwao. Demmo akamtazama, kisha kicheko kikavu kikamtoka.

"Mtumwa ni wewe. Nilikupata kwa kibuyu cha maziwa, tena yaliyochacha. Lete hiyo kamba yenu mbovu."

Bukar akainuka kabla ya wote, kana kwamba wazo lilikuwa lake. Fundo likafungwa, dumu likashuka, likapiga maji. Falmata akanyonya ncha ya kitambaa kilicholoa mpaka akapata nguvu ya kulia vizuri.

Lori la jeshi lilipofika kesho yake, wanaume walikuwa wanabishana ni kamba ya nani iliyogusa maji. Fundo lilikuwa limekaza. Kuzitenganisha kamba ingebidi likatwe, na hakuna aliyekubali kamba yake ipunguzwe. Yagana akaichukua kamba yote ikiwa nzima, akaifunga kwenye nguzo ya kisima.

"Atakayekuja atakunywa," akasema, "hata awe mjinga kama ninyi."

Akapanda lori, akaenda kukaa kwa Wafulani, karibu na mtumwa wake.