Watazamaji wa Buyenzi

Kila Jumamosi Nella aliosha vyombo mbiombio, kisha akamfuata dada yake Médiatrice kutoka kwao mtaa wa Ngagara hadi uwanja wa Mutanga Sud. Médiatrice alichezea timu ya mpira wa kikapu ya wasichana wa chuo kikuu. Ilikuwa miaka ya vita, kwa hiyo mechi zilianza mapema ili watu wawahi kuingia ndani kabla ya saa ya kutotoka nje.

Hata hivyo watazamaji hawakukosekana. Wavulana wa chuo waliapa kwamba wamekuja kujifunza mbinu, ingawa macho yao hayakuwa kwenye mpira. Wengine walikuja kuona nani bado yu hai. Na kutoka mtaa wa Buyenzi lilikuja kundi la mafundi wa gereji, mikono imejaa grisi, wakiongozwa na Mzee Sleiman, muuza vipuri. Hao hawakujua sheria hata moja. Mpira ukitoka nje walishangilia. Ukiingia kapuni walinyamaza.

Siku moja Nella aliwaigiza mbele ya marafiki zake, wakacheka hadi machozi. Sifa zikampanda kichwani.

"Mzee, kama hamjui mchezo, mnakuja kufanya nini?" alimwuliza Sleiman. "Mnatuaibisha."

Sleiman alitazama mikono yake, akaifuta kwenye suruali.

Jumamosi iliyofuata mafundi hawakuonekana. Mechi ilipokwisha, Siti, mchezaji pekee aliyeishi Buyenzi, alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Nella akamwuliza dada yake kwa nini Siti haondoki.

"Njiani kuna vijana wenye mapanga," alijibu Médiatrice kwa sauti ya chini. "Mtu akiwa peke yake wanamchukua. Kundi kubwa hawaligusi. Wale mafundi humweka Siti katikati, wakamfikisha kwao."

Nella aligeuka kutazama mahali mafundi walipozoea kukaa.

Wachezaji walifikiria kumsindikiza wenyewe, lakini nani angewarudisha wao? Mwishowe Médiatrice alimchukua Siti hadi Ngagara. Kwao Siti hakukuwa na simu. Usiku kucha risasi zililia upande wa Buyenzi, na Siti hakulala.

Asubuhi mama yake Nella aliwapeleka wasichana Buyenzi. Uani kwa akina Siti wanawake walikuwa wamekwisha kukaa mikekani kama kwenye msiba. Sleiman na mafundi walikuwa ndiyo kwanza wanarudi kutoka mto Ntahangwa, suruali zimelowa hadi magotini. Walikuwa wakigeuza maiti, wakimtafuta Siti. Bi Marwa, mama yake Siti, alipomwona binti yake alimvuta kifuani.

Nella angeweza kujificha nyuma ya mama yake. Badala yake alisogea mbele, akasema kwamba yeye ndiye aliyewadhihaki mafundi hadi wakaacha kuja.

Wanawake wakawageukia mafundi. Sleiman alikuwa amewaambia watu kwamba hawakwenda uwanjani kwa sababu kazi zilizidi gereji.

"Na mi nilinuna kama mutoto," alisema. "Kosa tugawane. Jumamosi tutakuja."

Bi Marwa alimshika Nella mkono, akamketisha mkekani.

"Mwanangu," alisema, "ukimkuta mtu mahali, usimwulize anajua nini. Mwulize amekuja kwa ajili ya nani."