Pale Babu Anaponyamaza

Cherehani ya Fundi ilianza kulia saa mbili asubuhi, na haikutulia mpaka mwanga wa dirishani uishe. Aliiweka chumba cha mbele ili wateja wamwone. Chumba cha nyuma kilikuwa cha baba yake. Sakafuni, katikati ya vipande vya vitambaa, alicheza binti yake wa miaka miwili na nusu. Wote walimwita Bibie, maana alitoa amri kuliko mwenye nyumba.

Baba yake Fundi alikuwa mnadi. Kwa miaka thelathini alisimama sokoni juu ya kreti, akinadi viti, makabati na masufuria ya watu. Hakuwahi kutumia kipaza sauti, ndiyo maana sokoni wakambatiza Mzee Kipaza. Alikuwa na sauti, wacha mchezo. Aliyekuwa kwa kinyozi upande wa pili wa soko alijua kinachonadiwa ni kabati au kitanda.

Lakini saa nane mchana sauti hiyo ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mzee alirudi, akala, akambeba Bibie mpaka chumba cha nyuma, akafunga mlango. Alimwimbia mpaka akalala. Wimbo alikuwa ameutunga mwenyewe. Ndani yake vitu vya nyumbani vinalala kimoja kimoja: mlango umelala, kiatu kimelala, ndoo imelala. Fundi aliusikia nusu nusu, maana mguu wake ulikuwa kwenye pedali. Alijua kitu kimoja tu: Bibie hakubali kulazwa na mtu mwingine. Yeye mama mtu alishajaribu, akachemsha.

Kisha sauti ya mzee ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi. Akanywa maji ya moto, akalamba asali, akawacheka waliomwambia aende hospitali. Miezi minne ikapita hivyo. Nawe unayesoma, shika hili: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, mwone daktari, usingoje. Mzee Kipaza alingoja. Daktari alimwonyesha picha ya koo lake, akamwambia bila kuzunguka kwamba uvimbe uliokuwa humo ni saratani. Kiungo kinachotoa sauti, kinachoitwa zoloto, kingeondolewa chote. Angeishi, lakini asingeongea tena kama zamani, wala kuimba.

Muuguzi ndiye aliyempa Fundi wazo. Alimwambia kama kuna maneno ya mzee wanayotaka kubaki nayo, wayarekodi kabla ya siku ya upasuaji.

Basi Jumapili Fundi akaweka simu juu ya mto, karibu na kichwa cha baba yake. Bibie alipelekwa kwa jirani ili kusiwe na kelele. Mzee aliimba wimbo wake mara saba, kwa sababu kikohozi kilimkatiza kila mara. Katikati ya wimbo, mahali palepale, alisema, "Na naniii…" halafu akanyamaza. Alikaa kimya sekunde nne au tano, kisha akaendelea: "Haya. Mama naye amelala." Fundi alidhani amesahau maneno. Alidhani ni maumivu. Alimwonea huruma, akatazama pembeni, asiulize.

Wiki tatu baadaye mzee alirudi nyumbani. Alipumua kwa tundu lililo shingoni, chini ya kitambaa safi. Aliongea kwa ubao mdogo na chaki. Saa nane ilipofika, Bibie alipanda kitandani kwake kama kawaida na kungoja. Alimtazama mdomoni. Aligusa midomo yake kwa kidole, kisha akaigonga. Mzee aliifungua, hakikutoka kitu. Mtoto alilia mpaka akaishiwa nguvu, na mzee akageukia ukutani. Mambo yakawa hivyo kila siku. Chakula mzee alikigusa tu. Siku ya tano aliandika kwamba mtoto asiletwe tena chumbani kwake.

Fundi aliumia. Alijua baba yake akishafunga ule mlango, hataufungua tena. Akachukua kompyuta ya mumewe, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa safarini, akaihamishia ile rekodi kutoka kwenye simu. Simu ilikuwa imejaa, kwa hiyo akaifuta rekodi humo. Ndani ya kompyuta kulikuwa na programu ya kurekodi muziki. Sauti ilionekana kama mstari mrefu wenye vilima na mabonde. Panapoimbwa pana vilima, penye kimya pametulia.

Aliishika kazi ile kama anavyoshika nguo ya harusi. Alikata vikohozi. Alikata kila pumzi. Zile sehemu baba yake aliponyamaza alizikata kwanza, kwa mapenzi kabisa, ili mtu asijue kwamba mzee alisahau. Alikata karibu na neno bila kuacha hata nafasi ya kucha. Siku tatu baadaye wimbo ulikuwa wa dakika mbili, msafi, hauna doa.

Aliupiga mbele ya baba yake na mtoto. Kila mahali palipoungwa pakasikika tiki, kama mtu anayebonyeza kalamu. Neno la mwisho lilikatika ghafla. Bibie alishtuka, akaangua kilio. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akavuta ubao.

"Mtu huyu hapumui," aliandika.

Kisha akalala akiwa ameipa familia mgongo.

Fundi alirudi kwenye cherehani lakini hakushona. Rekodi ya simu ameifuta. Ya kompyuta ameikata vipande vipande. Na yule mwenye sauti hana sauti ya kurudia. Alijiona kama ndiye aliyemfanyia baba yake upasuaji wa pili.

Jirani aliyekuja kuchukua gauni lake alimkuta hivyo. Huyu ni mama wa makamo anayetayarisha vipindi kwenye kituo cha redio, na mtaani wanamwita Bi Redio. Kwake ndiko Bibie alikopelekwa ile Jumapili. Alisahau gauni, akavuta kiti, akaomba asikie. Alisikiliza mara moja tu.

"Nimempoteza, dada," Fundi alisema.

"Hujampoteza. Programu za namna hii ukikata, hazitupi kitu. Zinakificha tu. Tazama."

Alishika ukingo wa kipande kimoja kwa mshale wa kompyuta, akauvuta kulia. Kipande kikarefuka. Kikohozi kikarudi, na pumzi, na kimya, na mlio wa kitanda. Fundi aliziba mdomo kwa mkono, machozi yakamtoka. Bi Redio alimwacha alie. Alipotulia alimweleza kwamba asijivunie bahati: si programu zote zina huruma hiyo, na hata hii angefuta faili lenyewe, yangekuwa mengine. Wakachukua flashi, wakaweka nakala ya rekodi nzima, na nyingine Bi Redio akaitia kwenye mkoba wake. Kazi ifanyike kwenye nakala, alisema, rekodi ya kwanza isiguswe.

"Sasa niambie, unapopewa kitambaa unaanza na nini? Mkasi?"

"Naanza na chaki."

"Basi hapa ulianza na mkasi."

Akamfundisha alama. Rekodi inachezwa tangu mwanzo, na mtu anasikiliza bila kukata chochote. Akifika mahali penye jambo, anabonyeza kitufe kimoja, kwenye programu ile herufi M, na kibendera kidogo kinasimama juu ya mstari. Kibendera anakipa jina: wimbo wa kwanza unaanza, kikohozi, hapa ameimba vizuri, hapa gari limepita. Kibendera hakibadilishi sauti hata kidogo. Ukikosea, unakifuta. Ukimaliza unaona rekodi nzima kwa macho, unajua cha kuchukua na cha kuacha, na ukitaka kurudi mahali unaruka mara moja badala ya kutafuta kwa kubahatisha.

Fundi alianza kuweka vibendera. Wimbo wa tatu ulikuwa mzuri mwanzo, wa tano ulikuwa mzuri mwisho. Alipofika kwenye ule ukimya aliandika "amesahau". Mlango wa chumba cha nyuma ukalia. Mzee alikuwa amesimama pale, ameshika ukuta. Bi Redio akampa shikamoo na kumpisha kiti. Mzee aliketi, akasoma kile kibendera kwa muda mrefu. Akatikisa kichwa. Akavuta kompyuta kwake, na kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akafuta neno la binti yake na kuandika lake: "namngoja mtoto".

Fundi hakuelewa. Mzee akachukua ubao. Aliandika kwamba tangu Bibie ajifunze kusema, yeye hujifanya amesahau pale, na mtoto ndiye anayemkumbusha. Bila hivyo mtoto halali. Siku ya kurekodi mtoto hakuwa chumbani, kwa hiyo alimwachia nafasi yake.

Fundi alisoma, akasoma tena. Miezi yote hiyo mlango ulifungwa na cherehani ikalia, naye hakuwahi kujua. Alimwomba baba yake msamaha kwa sauti ndogo. Mzee alimpigapiga mgongoni, akaonyesha kompyuta kwa kidevu: haya, kazi iendelee.

Wakaweka vibendera mpaka mwisho wa rekodi, na vingi alivibonyeza mzee mwenyewe. Ndipo Bi Redio akaeleza zile tiki. Sauti inapanda na kushuka kama wimbi, alisema. Ukiikata ikiwa juu, inaanguka ghafla, na spika inaruka. Dawa yake watu wa studio huiita fedi, yaani kufifisha. Kwenye pembe ya kila kipande kuna kidoti. Ukikivuta kuelekea ndani, unatokea mstari wa mshazari. Mwanzoni mwa kipande sauti inapanda taratibu kutoka kimya, mwishoni inashuka taratibu mpaka kimya. Kuondoa tiki hakuhitaji zaidi ya kufumba na kufumbua jicho. Ukifanya ndefu mno mwanzoni, unameza herufi ya kwanza ya neno.

"Na vipande viwili vinapokutana?" Fundi aliuliza.

"Kama unavyounga nguo. Huunganishi ncha kwa ncha. Unalaza kimoja juu ya kingine kidogo, halafu hiki kinafifia wakati kile kinapanda. Sikio halioni mshono."

Fundi alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu hospitali. Akajaribu kuunga wimbo wa tatu na wa tano. Mara ya kwanza aliukata katikati ya pumzi, ikasikika kama mtu anayekabwa. Bi Redio akamwonyesha aunge kabla pumzi haijaanza, ili mzee avute hewa yake yote kisha ndipo aimbe. Pumzi zote zikarudi. Mzee aliposikia alifumba macho, mkono wake ukiwa kifuani.

Ukabaki ule ukimya. Fundi alitaka kuujaza kimya kitupu cha kompyuta, kisafi. Bi Redio akakataa. Kimya kitupu, alisema, kinamfanya msikilizaji adhani mashine imezima. Wakaacha kimya kilekile cha chumba, na kitanda kinacholia, na mtu anayengoja. Sekunde tano. Mzee aliandika "sita". Akaandika pia kwamba Bibie wakati mwingine anafikiri kwanza, wakaongeza sekunde moja ya kimya cha chumba kilekile. Mwishoni, baada ya neno la mwisho, walivuta fedi ndefu ya sekunde kumi, ili mtoto asishtuliwe tena.

Kesho yake saa nane mchana Fundi alizima cherehani. Alikipeleka kispika kidogo chumba cha nyuma, akakiweka juu ya mto, akasimama mlangoni. Mzee alimpakata Bibie. Mtoto alikuwa ameshazoea kukosa, hata hakutazama.

Sauti ikapanda polepole. Mlango umelala. Bibie akainua kichwa. Kiatu kimelala. Akageuka, akamtazama babu yake mdomoni. Mdomo ulikuwa umefungwa. Akatazama kispika, akatazama tena mdomo, na uso wake ukaanza kukunjamana. Fundi alishika fremu ya mlango. Alijua akilia sasa, baba yake hataomba tena mtoto huyu aletwe.

Ndoo imelala, sauti iliimba. Na naniii…

Kikaja kimya. Fundi alihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kitanda kilichorekodiwa kililia kidogo. Nne. Tano.

"Mama," alisema Bibie.

Fundi alitaka kuitika, akajizuia.

"Haya," sauti ikajibu. "Mama naye amelala."

Bibie alikitazama kispika. Kisha akageuka, akamshika babu yake mashavu kwa mikono yote miwili.

"Babu kasema," alimwambia.

Mzee aliitikia kwa kichwa. Mabega yake yalitikisika na machozi yakamshuka mpaka kwenye kitambaa cha shingoni, bila sauti yoyote. Bibie alilaza kichwa kifuani pake, akasikiliza mpaka mwisho. Sauti ilishuka kidogo kidogo, ikashuka tena, na hakuna aliyejua iliisha wakati gani wala mtoto alilala wakati gani. Mzee akanyoosha mkono kuchukua ubao. Kisha akauacha ulipo, akamfunika mjukuu wake shuka.