Kifaransa cha Night

Kila siku saa nne, wanafunzi wa darasa la sita pale Bwera walipanga foleni ya uji, na kila siku mwenzao Night alipiga domo. Kisa? Alikuwa amekaa wiki mbili kwa shangazi yake huko Kasindi, ng'ambo ya mpaka, wanakosema Kifaransa, basi akajitangaza kuwa bingwa wa Kifaransa. Ukweli ni kwamba alijua maneno mawili tu, na la pili alilikosea.

Siku moja Mwalimu Benon alileta filamu ya Kifaransa, ya watoto waliokimbia vita nchini kwao. Shule nzima ikajazana ukumbini.

"Night, utatutafsiria," alisema mwalimu. "Ukiweza, Ijumaa utatafsiri mjini Kasese mbele ya shule nyingine."

Night hakuwahi kufika Kasese, na aliitamani sana. Akasimama kando ya runinga huku akiomba umeme ukatike. Umeme wa Bwera, ambao hukatika bila kuombwa, siku hiyo uligoma kukatika.

Kwenye filamu, mama mmoja alimshika binti yake mabega, akasema naye huku analia.

"Anauliza... nani amekula samaki wangu?" Night alitafsiri.

Ukumbi ukaangua kicheko. Binti akajibu kwa machozi.

"Anasema si yeye, ni paka!"

Watoto wakashika mbavu. Night akanogewa, akafungua kinywa aongeze. Hapo Mama Hilaire, mpishi wa shule aliyetoka ng'ambo ya mpaka, akaingia na mwiko wake mkononi. Hakucheka.

"Mutoto, samaki iko wapi pale?" aliuliza. "Ule mama anasema, 'Kamata mukono ya mudogo yako. Usiangalie nyuma, niko nakuya, nitawafuata.' Na hatakuya." Akajifuta macho. "Mama yangu aliniambia vile vile, siku tulikimbia Beni."

Night aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Mwalimu, sijui Kifaransa. Nilidanganya," alisema. "Mama, nisamehe."

Filamu ikarudishwa mwanzo. Mama Hilaire alitafsiri kwa Kiswahili, na kwa kuwa wadogo wengi walijua Kikonzo tu, Night aliwasimulia kwa Kikonzo, neno kwa neno. Hata Tsongo, mtundu kuliko wote, alilia waziwazi.

"Uongo wako ulituchekesha, Night," Mwalimu Benon alisema mwishoni, "lakini ulimziba mdomo mama wa watu kwenye filamu. Sema unachokijua. Hata kikiwa kidogo, kuna mtu anakihitaji. Ijumaa mtakwenda Kasese wawili, wewe na Mama Hilaire."